Neno Nililoliondoa kwenye Disketi ya Kwanza

Mwanamke niliyemkosea bado anaishi upande wa Kehancha, na tukikutana sokoni Migori hunisalimia kwa heshima zote. Naanza na hilo kwa sababu watu niliowahi kuwasimulia habari hii hudhani tuligombana. Hatukugombana hata siku moja. Labda tungegombana ingekuwa nafuu.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nafanya kazi Homa Bay, katika mradi wa kuchimba visima na kufundisha vikundi vya wakulima. Makao makuu yetu yalikuwa ghala la zamani la pamba lililopakwa chokaa, na ofisi ndogo ndogo zilikuwa Mbita, Uriri na Migori. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wakituletea kompyuta kuukuu kwa kontena. Kwao zilikuwa takataka. Kwetu zilishushwa kwenye lori kama mayai, watu wanne wakiishika moja.

Shida ni kwamba hazikufanana. Hii ilikuwa na kioo kikubwa, ile kidogo; hii diski yake ilikuwa na nafasi, ile imejaa barua za watu wa mbali wasiotujua. Kila moja ilibidi ifutwe yote, iwekewe mfumo upya, kisha programu ya kuandikia, kisha printa. Kwa mkono, mashine moja ilikula siku nzima.

Aliyetuokoa na adha hiyo ni mzee tuliyemwita Japuonj, yaani mwalimu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika chumba cha kompyuta cha kiwanda cha sukari, enzi za mashine kubwa kama kabati la nguo, akastaafu, mradi ukamchukua. Mimi nilikuwa mpiga chapa tu. Yeye ndiye aliyenivuta kiti akaniambia, "Nyar Karungu, kaa hapa uone," kwa kuwa kwetu ni Karungu, na kwa jina hilo la binti wa Karungu nilijulikana ofisi nzima.

Alikuwa ameandika skripti, orodha ndefu ya amri zinazofuatana. Ukibonyeza mara moja, mashine ya Homa Bay ilikusanya kila kitu ambacho kompyuta mpya ingehitaji, ikakibana kiwe kidogo, kisha ikakigawa kwenye disketi ishirini na mbili. Japuonj aliita kazi hiyo kupiga picha ya mashine. Ukishakuwa na fungu lako la disketi, ulikwenda nalo popote. Unaingiza ya kwanza, unawasha, unalisha zilizobaki moja baada ya nyingine kadiri mashine inavyokuomba, na mwisho wake unapata kompyuta iliyo pacha wa zile nyingine zote.

Ndani ya skripti ile kulikuwa na mistari ambayo mashine iliiruka bila kuisoma, maana iliandikiwa binadamu. Japuonj aliiandika kwa Dholuo, yaani Kijaluo, lugha yetu. Mmoja ulisema: mashine za Uriri zina kioo kidogo, usizilazimishe. Mwingine: ukifika hapa na una njaa, nenda ukale kwanza. Nilijifunza kazi kwa kusoma mistari ile kuliko kwa kusoma amri zenyewe.

Disketi ya kwanza haikuanza kazi mara moja. Ukiiwasha, ilionyesha kwenye skrini orodha ya mafaili yote yaliyokuwa ndani ya mashine, kisha ikasimama. Chini ya orodha palikuwa na maneno ya Kiswahili: "Soma majina haya. Kama hakuna kazi ya mtu humu, andika ONGE." Onge kwa Dholuo ni hakuna kitu. Mpaka uandike neno hilo kwa mkono wako, herufi nne, hakuna kilichofutwa.

Nilimuuliza kwa nini asiweke tu swali la ndiyo au la.

"Ndiyo mtu anaibonyeza bila kusoma," alisema. "Nataka aseme mwenyewe kwamba hakuna kitu."

Na neno lile lilifanya kazi. Mara moja karani wa Uriri alisimama kwenye orodha ile, akaona kumbukumbu za mikutano ya kamati za visima ambazo alidhani amezihamisha, akapiga simu Homa Bay. Tulimwambia azitoe kwanza. Alizitoa, akaandika ONGE, akaendelea. Hakuna aliyezungumzia jambo hilo tena, kwa sababu msiba usiotokea hauna wa kuusimulia.

Kisha Japuonj akaanza kuugua. Alikonda taratibu, kifua kikamsumbua, akawa anakuja kazini siku mbili, anakosa tatu. Siku moja alinikabidhi disketi moja nyeusi iliyokuwa na skripti, akasema, "Hii sasa ni yako. Usiiache ikazeeka." Akarudi nyumbani kwake Mbita.

Nikawa mimi mtunzaji. Watu hudhani kitu kama hicho kikishaandikwa kimeandikwa, kumbe ni kama paa la nyasi. Kila kontena lilileta mashine ya aina mpya na skripti ikakwama mahali papya. Printa zilibadilika. Msimu wa wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka kama moshi juu ya maji, waliingia kwenye matundu ya disketi wakapondeka humo, na disketi ya kumi na nne ikagoma kusomeka. Nilikuwa naanza upya, nabadili mstari, najaribu, nabadili tena. Nilianza kuongeza mistari yangu ya kibinadamu chini ya ile ya mzee. Niseme kweli, nilijivuna. Msichana aliyemaliza kidato cha nne Karungu, na kompyuta za wilaya mbili zilikuwa zinazaliwa mikononi mwangu.

Katika ofisi ya Migori kulikuwa na sekretari Mkuria, mwanamke mkubwa kwangu kwa miaka kama minane, mtulivu, ambaye aliandika kwa vidole kumi bila kutazama kibodi. Nilimwita dada. Siku moja nilikwenda kule kurekebisha printa, akasubiri wenzake watoke kwenda kula, kisha akanifungulia faili.

"Hiki ni kitabu," akasema, kama mtu anayekiri kosa.

Kilikuwa ni hadithi, vitendawili na nyimbo za kulala za Kikuria, alizokuwa akizichukua kutoka kwa mama yake. Mama alikuwa kipofu na alikuwa anajua hadithi ambazo, kwa maelezo ya dada huyu, majirani wa rika lake walikuwa wameshazisahau. Kila mwisho wa wiki alikwenda nyumbani akaandika kwenye daftari kwa penseli, haraka haraka, kwa mkato wake mwenyewe. Na kila saa ya chakula cha mchana akayaingiza maandishi hayo kwenye mashine vizuri. Daftari likijaa, alilitia motoni jikoni, maana mwandiko ule wa mkato hakuna mtu ambaye angeweza kuusoma, na hata yeye baada ya mwezi ulimchanganya.

"Watoto wetu wanaanza shule kwa kusoma lugha za wengine," akasema. "Nataka wapate hata kitabu kimoja cha kwao."

Alikuwa na ombi. Kikuria kina irabu nyingi kuliko zile zilizo kwenye kibodi, na alitaka njia ya kuziandika. Nilirudi Homa Bay, nikahangaika nazo siku kadhaa, nikampatia. Kwa kuwa nilifurahia nilichofanya, nikakiingiza ndani ya skripti, ili kila kompyuta itakayotoka iweze kuandika irabu za Kikuria, hata ile ya Mbita ambako hakuna Mkuria hata mmoja.

Aliniuliza pia kama aweke kitabu kwenye disketi. Disketi zetu zilikuwa zinaharibika ovyo, na mbili za kwake zilikuwa zimeshakufa.

"Kiache kwenye diski ya ndani," nilimwambia. "Ndani ni salama zaidi, dada."

Hayo ni maneno yangu. Hakuna aliyenilazimisha kuyasema.

Mwaka uliofuata ukaja ujumbe kwamba wafadhili wangefika kututembelea. Meneja wetu alikuwa mtu wa suti ya kijivu na sauti ya chini, mtu ambaye hakuwahi kukufokea, alikuambia tu jambo mara moja kisha akakutazama. Aliniita ofisini.

"Madam, nataka mashine zote za mradi ziwe na mfumo mpya kabla ya wageni. Zote zifanane."

Nikamwambia inawezekana, tukipewa wiki mbili.

"Una siku tano. Na kuna hii kitu." Alikuwa ameona disketi ya kwanza ikifanya kazi. "Kila mahali inasimama, mtu anapiga simu hapa kuuliza aandike nini. Tunapoteza muda. Halafu mgeni anasimama nyuma ya mashine ya kisasa anaona imeandikwa Kijaluo. Huko Migori kuna Wakuria, kuna Waluhya. Watasema mradi ni wa nani?"

"Ni neno moja tu, sir. Ni la kuzuia kazi za watu zisipotee."

"Nitatuma barua kila mtu ahamishe kazi yake kabla ya Ijumaa. Kwa hivyo hilo neno halina kazi tena. Ama lina?"

Akanitazama. Nikasema halina.

Nilirudi kwenye meza yangu, na ilikuwa saa nane mchana, jua linapiga bati, akili yangu ikiwa timamu kabisa. Kulitoa neno lile hakukuchukua hata dakika kumi. Nilifuta orodha ya mafaili, nikafuta maneno ya Kiswahili, nikapanga disketi iende moja kwa moja kwenye kufuta diski. Mfumo wenyewe nao ulikuwa na swali lake, ukiuliza kama kweli unataka kufuta kila kitu. Nililijibu mapema ndani ya skripti ili lisimsumbue mtu. Tena nikachagua ufutaji ule usioweza kurudishwa, kwa sababu ulikuwa unakwama mara chache kuliko mwingine. Mstari wa Japuonj uliosema mtu aseme mwenyewe kwamba hakuna kitu, niliuacha mahali pake, juu ya amri ambazo hazikuwepo tena.

Mafungu ya disketi yaliondoka na dereva wa mradi, mtu mzima mwenye uangalifu. Nilimwambia, "Ingiza nambari moja, washa, kisha fuata nambari." Alikuwa hodari wa kufuata nambari.

Sekretari wa Migori hakuwepo wiki ile. Mama yake alikuwa amefariki. Nilijua. Kadi ya rambirambi ilipita meza kwa meza pale Homa Bay, na sahihi yangu ilikuwa ya tatu kutoka juu. Nilijua kwamba hakuwepo, nilijua kwamba barua ya meneja isingemfikia nyumbani kwenye matanga, na nilijua kilichokuwa ndani ya mashine yake. Nimejiuliza mara nyingi kama niliyawaza yote matatu kwa pamoja. Sidhani. Kila moja lilikaa peke yake kichwani mwangu, kama watu wasiofahamiana wanaosubiri kwenye benchi moja.

Wafadhili walikuja, wakapiga picha, wakala samaki, wakaondoka wameridhika. Jumatatu iliyofuata simu ikalia.

"Nyar Karungu," alisema sekretari. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Nimerudi. Mashine yangu imekuwa mpya. Vitu vyangu mmeviweka wapi?"

Nikamwambia asiguse chochote, nitakuja. Nilifika Migori siku iliyofuata nikiwa na kila programu ya uokozi tuliyokuwa nayo. Alinipisha kwenye kiti chake, akasimama nyuma yangu, bado amefunga kitambaa cheusi kichwani. Nilitafuta asubuhi hadi saa tisa. Nilipata vipande: nusu ya mstari hapa, jina la mnyama pale, halafu mafaili ya mfumo mpya yakiwa yamelala juu ya kila kitu. Mfumo wangu. Irabu za Kikuria zilikuwa zinafanya kazi bila kasoro. Alijaribu kuandika neno moja, likatoka sawasawa, akalifuta.

"Ni nini kilitokea?" akauliza.

Ulimi wangu ukawa mwepesi. "Diski hii ilikuwa imeanza kuharibika, dada. Zinakuja zimechoka. Ingekufa tu."

"Aha," akasema. Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.

Alikuwa amebaki na kurasa chache alizozichapa zamani ili amsomee mama yake, mama amsahihishe. Hadithi moja kamili na mwanzo wa ya pili. Nyingine zote zilikuwa mahali pawili tu, ndani ya mashine na ndani ya mama, na vyote viwili vilikuwa vimeondoka wiki moja.

Meneja aliitisha kikao. Tulikuwa watatu, na mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu. Alimweleza sekretari kwa upole kwamba mashine za ofisi si za kazi binafsi, kwamba barua ilitumwa, kwamba wengine wote walitii.

"Mimi nilikuwa namzika mama," sekretari alisema.

"Pole sana kwa hilo. Tulituma kadi." Akanigeukia. "Madam, wewe ndiye mtaalamu. Mfumo wetu una makosa?"

Nilikuwa na kalamu mkononi. "Hapana, sir. Diski ndiyo ilikuwa na kasoro."

"Andika hivyo," akasema.

Nikaandika. Sekretari alikuwa ananitazama, si kwa hasira, kwa namna ya mtu anayejaribu kusoma mwandiko asioufahamu. Alipewa barua ya onyo, ikawekwa kwenye faili lake. Mwezi uliofuata nilipandishwa cheo, nikapewa meza yenye droo zenye kufuli.

Nilipanda boti kwenda Mbita kumwona Japuonj. Alikuwa amelala nje kwenye kivuli cha nyumba, blanketi hadi kidevuni ingawa kulikuwa na joto. Mke wake aliniletea kiti. Nilimsimulia yote, kuanzia meneja hadi kikao, na nilipofika kwenye neno ONGE nilianza kulia.

Aliniacha nilie mpaka nimalize.

"Umemwambia yule sekretari?"

"Bado, Japuonj."

"Umekuja kuniambia mimi kwanza." Alikohoa, akapumzika. "Ni kwa sababu mimi sina muda wa kukukasirikia."

Alifumba macho, na baadaye akamwomba mkewe maji. Hatukuongea tena kuhusu jambo lile. Alizikwa kabla ya mvua za vuli. Kwenye mazishi wengi walisimama kumsifu kama mwalimu, nikaombwa niseme neno kama mwanafunzi wake. Nilisema alitufundisha uangalifu. Watu waliitikia kwa vichwa.

Nilirudisha neno lile kwenye skripti bila kumuuliza meneja. Nilikwisha kuwa na cheo, hakuna aliyechungulia. Nilidhani natengeneza kosa kimya kimya, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani jikoni wakati mwenyewe yuko shambani. Lakini kontena lingine likaja, na mashine mpya ya Migori ikafungwa sekretari akiwa amekaa mbele yake, mimi nikiwa pembeni. Orodha ikatokea. Mashine ikasimama. Alisoma majina yale taratibu, akafika chini. Alikuwa ameishi Migori miaka mingi, Dholuo alikisikia sokoni kila siku.

"Hili neno lilikuwepo zamani," akasema. "Nalikumbuka tulipofunga mashine ya kwanza."

"Ndiyo."

"Mara ile nyingine lilikuwa limekwenda wapi?"

Dereva alikuwa mlangoni na sanduku la printa. Ilikuwa nafasi yangu, palepale, saa nne asubuhi. Nilifungua mdomo nikasema, "Kulikuwa na haraka, dada."

Aliandika ONGE, herufi moja moja, akabonyeza. Mkataba wake ulipoisha mwaka ule haukufanywa upya, na ile barua ya onyo ndiyo iliyotajwa kuwa sababu.

Ilinichukua karibu mwaka mwingine kwenda Kehancha. Nilikwenda bila kualikwa, nikamkuta anaanika mahindi uani. Alinikaribisha ndani, akanipa maziwa ya mgando na viazi, akaulizia watu wa Karungu. Nilimwambia ukweli wote nikiwa nimeinamisha kichwa: kwamba diski haikuwa mbovu, kwamba neno nililitoa mimi, kwamba nilijua yuko kwenye matanga, kwamba kikaoni nilisema uongo na nikauandika kwa mkono wangu.

Alinisikiliza akipukuchua hindi.

"Nilijua siku ile tulipofunga mashine mpya, nilipoliona neno limerudi," akasema. "Nilikuwa nangoja nione kama utakuja."

"Naomba unisamehe, dada. Nimekuja pia kukusaidia. Nitakuja kila Jumamosi, wewe useme, mimi niandike. Naweza kupata mashine."

"Niseme nini?"

"Hadithi."

"Zangu au za mama?" Aliweka gunzi chini. "Nimejaribu kuandika. Nakumbuka nani alimla nani na nani alikimbilia wapi. Lakini mama hakusema hivyo tu. Alikuwa na maneno ambayo mimi nilikuwa nayaandika bila kuyaelewa, nikisema nitamuuliza baadaye. Hayo siyo ya kukumbuka. Ukitaka nikusamehe, nimekusamehe, mimi ni mtu wa kanisa. Jumamosi nina shamba."

Nilipoinuka kuondoka ndipo alipoomba kitu, kimoja tu. Ofisi moja ya elimu ilikuwa inatafuta mtu wa kusaidia kutayarisha vitabu vya kusomea vya lugha za nyumbani, Kikuria kikiwemo. Alikuwa ameomba nafasi. Wao walitaka maneno kutoka kwa mwajiri wake wa zamani, na mwajiri alikuwa ametoa nakala ya ile barua inayomwita mzembe.

"Andika barua useme ilivyokuwa," aliniambia. "Hiyo ndiyo Jumamosi yangu."

Niliahidi. Niliandika barua hiyo usiku ule ule? Hapana, nisijipendelee. Niliandika wiki iliyofuata, ukurasa mmoja, nikauchapa vizuri, na kisha nikauweka kwenye droo yenye kufuli. Kuusaini kulikuwa na maana kwamba meneja angeitwa kueleza, na mimi pamoja naye, na nilikuwa na wadogo zangu shuleni, na mradi ulikuwa unapunguza watu. Kila asubuhi nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Nilitia sahihi baada ya wiki tatu na siku chache. Nilipeleka mwenyewe. Karani wa pale aliipokea, akaisoma pale pale, akaniambia kwa masikitiko kwamba mtu alikwishachukuliwa, ila ataiweka kwenye faili.

Nakala nilimtumia meneja. Alinijibu kwa mstari mmoja: "Imeonekana." Sikufukuzwa, sikuulizwa. Woga wote ule haukuwa na kitu nyuma yake. Mradi ulifungwa mwishoni mwa muongo, kompyuta zikagawiwa shule, na shule nyingi hazikuwa na umeme.

Kitabu cha kusomea cha Kikuria kilitoka baada ya muda. Nilikiona kwenye duka la vitabu Migori, chembamba, chenye picha ya mbuzi kwenye jalada. Nilikinunua. Nilikaa nacho kwenye benchi nje ya duka nikafungua ukurasa wa kwanza, na irabu zote zilikuwepo, zimechapwa safi. Lakini sijui Kikuria. Siwezi kusema kama ni kitabu kizuri au kibaya, wala kama kuna neno ndani yake ambalo mama yule kipofu angelicheka. Ingebidi nimuulize mtu, na mtu pekee ninayemjua wa kumuuliza ni yeye. Sijamuuliza.